Jina la Nani, Hela za Nani?

Mwaka wa 2020, waandaaji wa Tuzo ya Wanawake ya Riwaya kule Uingereza walishirikiana na Baileys, kampuni ya kinywaji iliyokuwa ikiwafadhili, kutoa upya vitabu 25 vya waandishi wanawake waliochapishwa zamani chini ya majina mengine, mengi yakiwa ya kiume. Safari hii majalada yalibeba majina waliyoyaita halisi. Middlemarch, riwaya ambayo dunia nzima inaijua kuwa ya George Eliot, ikatoka ikiwa ya Mary Ann Evans. Nia ilikuwa nzuri, na mtandaoni watu walipiga makofi: hatimaye mama wa watu amerudishiwa jina lake.

Halafu wasomi wakaanza kunung'unika. Wakati Middlemarch inatoka, kuanzia 1871, wasomaji wa London walishajua kwa zaidi ya miaka kumi kwamba George Eliot ni mwanamke. Hakuwa amejificha tena. Alilishika jina hilo kwa sababu alilitaka. Isitoshe, maishani mwake alibadilisha hata hilo jina la kuzaliwa, akawa Marian, na kwa muda mrefu akajiita kwa ukoo wa mwanamume aliyeishi naye. Sasa jina halisi ni lipi hapo, na nani alimwuliza? Kwenye kitabu kingine cha mkusanyo huohuo, wasifu wa Martin Delany ulioandikwa na Frances Rollin, jalada likatoka na picha ya Frederick Douglass. Yaani katika kampeni ya kuwarudishia watu utambulisho wao, mtu mwingine akavalishwa uso usio wake.

Kosa la picha mtu anaweza kulisamehe. Linalonisumbua ni lile swali la chini yake: tuna haki ya kumfunua mtu aliyejifunika mwenyewe? Na tukishamfunua, tumemrudishia nini hasa?

Kulijibu inabidi turudi nyuma zaidi ya Eliot, hadi siku ambazo riwaya ya Kiingereza ilikuwa biashara changa na yenye sifa mbaya, kati ya miaka ya 1680 na 1810 hivi. Wanawake walikuwa kila mahali katika biashara hiyo. Waliandika, ndio, lakini pia walipiga chapa, waliuza, walirithi mitambo ya waume waliokufa wakaiendesha. Tace Sowle alichukua usukani wa kiwanda cha chapa cha familia yake mnamo miaka ya 1690 na kuwachapishia Waquaker kwa miongo mingi. Mary Cooper alifiwa na mume 1743, akaendelea na duka lao la Paternoster Row, na jina lake likawa chini ya vitabu vingi mno vya London ya enzi hiyo. Majina ya wanawake hawa yalikaa wazi kabisa kwenye ukurasa wa kwanza, pale chini kabisa, mahali ambapo wewe na mimi hatusomi.

Kwa upande wa waandishi, kutoweka jina ilikuwa kawaida, hata kwa wanaume. Robinson Crusoe ilitoka 1719 bila jina la Defoe. Gulliver alijifanya ndiye aliyeandika safari zake. Richardson alipotoa Pamela 1740 alijidai ni mhariri tu wa barua alizoziokota mahali. Walter Scott, mwanamume mwenye cheo na heshima zake, alitoa Waverley 1814 bila jina na akaendelea hivyo kwa zaidi ya miaka kumi. Na kuna wanaume walioandika chini ya maneno “Na Bibi Fulani” kwa sababu bibi fulani alikuwa anauza. Kwa hiyo ile stori tunayopenda, kwamba wanawake walificha majina kwa sababu walilazimishwa huku wanaume wakijitangaza, ina ukweli ndani yake lakini si ukweli wote.

Kwetu hili halifai kuwa geni. Mshairi wa Kiswahili anayetuma tungo zake gazetini hutia sahihi kwa lakabu, na hakuna anayesema anajificha. Lakabu ni vazi alilojishonea, na mara nyingine linamkaa kuliko jina la kwenye kitambulisho. Kinachobadilisha mambo ni nani aliyeishika sindano.

Aphra Behn alilijua hilo, ingawa labda hakulisema hivyo. Alikuwa mpelelezi wa Mfalme Charles wa Pili kule Antwerp mwaka wa 1666, akarudi na madeni, akageukia kuandika tamthilia na hadithi ili ale. Mwaka wa 1688, mwaka mmoja kabla ya kufa, alitoa Oroonoko, kisa cha mwanamfalme wa Afrika Magharibi anayehadaiwa na nahodha, anauzwa utumwani na kufikishwa Suriname. Akifika, mabwana wanambandika jina jipya: Caesar. Behn mwenyewe, anayesimulia, anaanza kumwita hivyo pia. Kila nikifika hapo nasimama kidogo. Mwanamke aliyepigania jina lake kwenye ukurasa anaandika juu ya mtu anayevuliwa lake, na kalamu yake inafuata bila kukwama sana. Kuficha jina lako na kunyang'anywa jina lako, kwa mbali, vinaweza kufanana. Oroonoko hakuchagua lakabu.

Sasa tumtazame aliyejianika. Eliza Haywood alianza na Love in Excess, 1719, mwaka uleule wa Crusoe, na ilinunuliwa sana. Katika miaka ya 1720 jina lake lilikuwa jina la duka: ukiliona unajua unachonunua, mapenzi, hila, wanawake wanaotamani na kusema hivyo. Aliandika kwa kasi ya mtu anayelipa kodi ya nyumba. Mwaka wa 1728 Alexander Pope, mshairi mkubwa kuliko wote wa siku hizo, alitoa The Dunciad, shairi refu la kuwakejeli waandishi aliowaona hafifu. Ndani yake Haywood ni zawadi. Wauza vitabu wanashindana kukojoa, anayerusha juu zaidi anampata yeye, akiwa na watoto wawili pembeni ambao msomaji anakusudiwa kuelewa hawana baba anayejulikana. Huyo ni msomi mheshimiwa. Tusifikiri matusi ya mtandaoni yalianza na simu.

Na hapa kuna jambo ambalo huwa linanichekesha kwa uchungu. Chini ya ukurasa wa kwanza wa toleo hilo la The Dunciad imeandikwa kwamba limechapishwa kwa ajili ya A. Dodd. A. ni Anne. Anne Dodd alikuwa na duka la vijitabu karibu na Temple Bar, na wanawake wa biashara yake ndio waliogongewa na maafisa wa serikali pale kijitabu kilipoudhi wakubwa, maana majina yao ndiyo yaliyokuwa yameandikwa. Pope hakuweka lake. Mwanamume aliyemvua Haywood nguo mbele ya mji mzima alijikinga nyuma ya jina la mwanamke mwingine, na mwanamke huyo ndiye angeanza kujibu kama mambo yangeharibika. Basi jina kwenye karatasi si heshima kila wakati. Mara nyingine ni dhamana.

Haywood hakunyamaza. Miaka ya 1740 alikuwa na duka lake mwenyewe Covent Garden, kibao chake kikiwa na alama ya Umaarufu, na kati ya 1744 na 1746 aliendesha The Female Spectator, jarida lililowalenga wanawake. Ila mengi ya maandishi yake ya baadaye, pamoja na riwaya yake nzuri ya 1751 kuhusu Betsy Thoughtless, yalitoka bila jina. Je, alinyamazishwa, ama alikuwa ameshaelewa bei? Sijui kwa nini tunataka kuchagua moja. Kuna wasichana Nairobi leo wanaoandika visa kwa jina la kubuni kwa sababu wakitumia lao, jioni watakuta picha zao zimezungushwa kwenye kila grupu ya WhatsApp na mjomba amepiga simu nyumbani. Ukiwaambia wajitokeze kwa ajili ya historia ya fasihi, watakuuliza hiyo historia itawalipia fare ya kuhama mtaa?

Anayenifundisha zaidi ni Frances Burney. Alikuwa na miaka 15 alipochoma maandishi yake yote ya utotoni, akiamini kwamba kuandika hadithi ni aibu kwa msichana wa nyumba nzuri. Hadithi hazikuungua kichwani. Akaandika Evelina kwa siri, na siri yenyewe ilikuwa kazi: kwa kuwa alikuwa akimnakilia baba yake kitabu chake cha historia ya muziki, mwandiko wake ungeweza kutambulika na watu wa kiwanda cha chapa. Ikabidi aandike muswada mzima kwa mwandiko wa kugeuza. Fikiria kuandika riwaya nzima kwa mkono usio wako. Kaka yake akaupeleka kwa muuza vitabu Thomas Lowndes akiwa amejigeuza asijulikane. Lowndes akalipa gini 20, yaani pauni 21, kwa haki zote, na Evelina ikatoka 1778.

Ikapendwa. Samuel Johnson, aliyeogopwa na kila mwandishi wa London, akaisifu. Habari zilipomfikia, Burney alikimbilia nje akacheza akizunguka mforsadi, na watu wa nyumba hiyo wasielewe kimempata nini. Ninaamini furaha yake ilikuwa na ladha ambayo mwandishi mwenye jina hawezi kuipata: kitabu kilikuwa kimesifiwa chenyewe, bila uso, bila baba maarufu, bila huruma kwa msichana. Kabla ya mwaka kwisha siri ikavuja, na kijishairi kimoja cha dhihaka kikamtaja kwa jina. Ikamwumiza vibaya. Waliofurahia kumjua wakaona amepanda cheo, yeye akaona amechukuliwa kitu.

Sasa sogea hadi 1796. Burney anatoa Camilla, na safari hii hauzi haki zote kwa bei ya kutupa. Anakusanya wateja wanaolipa kabla, majina yao yakachapwa mwanzoni mwa kitabu. Mmoja wao ni Miss J. Austen, binti wa kasisi wa kijijini ambaye bado hajachapisha neno. Camilla ikamletea kama pauni 2,000, na yeye na mumewe wakajenga nyumba wakaiita Camilla Cottage. Kichwa kilekile. Kilichobadilika kati ya gini 20 na nyumba ni nani aliyeshika mkataba.

Nasema “yeye na mumewe” kwa makusudi, maana kisheria hela hizo zilikuwa za mume. Mwanamke akishaolewa Uingereza, mali na mapato yake yalihesabika kuwa ya mume, na mkataba wake bila mume haukusimama. Mpaka sheria za 1870 na 1882 zilipobadilisha hilo, mwandishi aliyeolewa alitegemea bahati. Burney aliipata: Alexandre d'Arblay alikuwa mkimbizi Mfaransa asiye na kitu, lakini mwungwana. Charlotte Smith hakuipata. Mumewe Benjamin alifungwa kwa madeni, na yeye akaishi naye gerezani kwa muda. Baadaye akamwacha, akawa anawalea watoto wengi kwa kalamu. Emmeline ilitoka 1788 na riwaya zikafuatana karibu kila mwaka. Aliweka jina lake wazi, Charlotte Smith, kila mtu akajua. Na Benjamin, ambaye hakuandika hata sentensi, bado alikuwa na haki ya kuja kudai malipo ya mke aliyemwacha. Alidai.

Hebu weka majalada hayo mawili pamoja. Moja halina jina, lingine lina jina kubwa. Kama kipimo chetu cha haki ni jina, Smith ndiye aliyetendewa haki.

Jane Austen ndiye anayenimalizia ubishi huu. Mwaka wa 1803 aliuza muswada ulioitwa Susan kwa kampuni ya Crosby ya London, kwa pauni 10. Crosby akautangaza, kisha akautia kwenye droo. Miaka sita ikapita. Mwaka wa 1809 Austen akawaandikia barua kwa jina la kubuni, Mrs Ashton Dennis, akatia sahihi M.A.D., herufi ambazo kwa Kiingereza zinasomeka kama neno la mtu aliyepandwa na hasira. Alisema kama muswada umepotea yuko tayari kutoa nakala nyingine, na wasipochapisha atauza kwingine. Jibu likaja: hatukuahidi kuchapisha, ukijaribu kwingine tutazuia, na ukiutaka, lete pauni 10 zetu. Hakuwa nazo za kuchezea. Akaacha.

Mwaka wa 1811 akatoa Sense and Sensibility kwa gharama yake mwenyewe, jalada likisema tu “Na Bibi Fulani”. Ikampa faida ya pauni 140. Pride and Prejudice aliiuza moja kwa moja kwa pauni 110, ingawa alitaka 150, na faida yote ya kitabu ambacho mpaka leo hakijaacha kuuzwa ikaenda kwa Egerton, mchapishaji. Somo akalipata, hakuuza haki tena hivyo. Kufikia 1816 alikuwa mwandishi ambaye hata mwana wa mfalme alimsoma. Ndipo kaka yake Henry akatumwa kwa Crosby na pauni 10 kuukomboa ule muswada. Crosby akaurudisha kwa furaha, amerudishiwa hela zake kwa karatasi zilizokula vumbi miaka 13. Familia ilisimulia baadaye kwamba ni baada tu ya mkataba kufungwa Henry alipomwambia: huu ni wa mwandishi wa Pride and Prejudice.

Piga hesabu hapo. Kama jina la Austen lingekuwa linajulikana kwa kila muuza vitabu, Crosby angedai bei gani? Kutojulikana kwake ndiko kulikomkomboa Susan kwa pauni 10. Lile pazia ambalo leo tunalihurumia, siku hiyo lilikuwa chombo chake cha kazi.

Najua nitaambiwa: sawa, lakini bila majina tulidanganywa kwa miaka. Ni kweli. Ian Watt alipoandika mwaka wa 1957 juu ya kuchomoza kwa riwaya, kitabu ambacho vizazi vya wanafunzi vimekariri, nguzo zilikuwa Defoe, Richardson na Fielding. Behn na Haywood walikuwa wamesahaulika kiasi kwamba hakuna aliyeshtuka. Kwa hiyo watafiti wanaopekua stakabadhi za malipo na barua ili kujua nani aliandika nini wanafanya kazi ambayo lazima ifanywe. Mimi ningesema hivi: jina litafutwe, lifundishwe darasani, liandikwe kwenye dibaji na kwenye historia. Lakini jalada ni la mwandishi. Alilolivalisha, liachwe. Kuna tofauti kati ya kumjua mtu na kumvua.

Na tusidhani jina likiwa wazi basi kazi imekwisha. Mwaka wa 1966 Flora Nwapa wa Nigeria alitoa Efuru kwa Heinemann, na mwaka huohuo Grace Ogot akatoa The Promised Land hapa Nairobi, East African Publishing House. Majina yote mawili yalikuwa wazi. Hata hivyo Nwapa katika miaka ya 1970 aliamua kuanzisha kampuni yake ya uchapishaji, Tana Press, kule Enugu, na hapa kwetu Asenath Bole Odaga akafungua Lake Publishers Kisumu katika miaka ya 1980. Walikuwa na majina tayari. Walikwenda kutafuta ile droo, na ufunguo wake.

Susan ikaja kuitwa Northanger Abbey na ikatoka Desemba 1817, miezi mitano baada ya Austen kufa. Ndani ya kitabu hicho kuna kurasa mbili ambazo ningependa wale wa kampeni ya 2020 wangezisoma moja baada ya nyingine. Moja ni taarifa fupi aliyoiandika Austen mwenyewe kwa wasomaji. Haina jina. Inaeleza kwamba kitabu kilikamilika 1803, kikauzwa, kikatangazwa, na kwamba hajawahi kuelewa kwa nini mtu anunue kitu asichoona faida ya kukichapisha. Ndiyo hiyo tu aliyotaka tuijue: tarehe, muuza vitabu, biashara mbovu.

Nyingine ni ya Henry. Hapo ndipo wasomaji walipoambiwa ndani ya kitabu chenyewe kwamba mwandishi wa vitabu hivyo ni Jane Austen. Anamsifu dada yake kwa upole, kwa ucha Mungu, kwa unyenyekevu, kisha anatuhakikishia kwamba hakuandika kwa kutaka umaarufu wala hela. Dada huyohuyo, miaka mitatu nyuma, alikuwa amemwandikia mpwa wao kwamba sifa anazipenda kama mtu yeyote, na pesa vilevile.